Kituo cha Kumi na Moja

Msimu huanza uwele ukishavunwa,
mbigili zikishakauka na kuota pembe,
na fundi Chidawali wa Nkuhungu
akishanunua gundi ya viraka, boksi zima, kwa deni letu.

Tuko kumi na tisa, pamoja na wasiolipa ada.
Chama cha Mbio za Ramani kwa Baiskeli:
jina refu kuliko orodha ya wanachama,
alisema karani, akagonga muhuri.

Mimi huchora.
Jumatatu hadi Ijumaa ni mtu wa ardhi:
nasimamisha darubini juu ya miguu yake mitatu,
nakata pori viwanja, nazika bikoni zenye namba.
Jumapili nalichora pori lilelile, zima, bila namba,
kijani kwa vichaka, njano kwa mashamba yaliyolala,
mistari ya kahawia ikizunguka kilima cha Ntyuka
kama mikunjo ya shuka kwenye goti la mgonjwa.

Raundi ya kwanza, Mkonze.
Kibendera cha kituo cha nne kililiwa na mbuzi.
Nyemo alimkuta bado anatafuna rangi ya chungwa,
akampa mchungaji kadi aisaini. Mchungaji akaandika:
*Ni mbuzi wangu. Samahanini. Yoeli.*
Tulimhesabia.

Raundi ya pili, korongo la Zuzu, mchanga mtupu.
Tulizibeba baiskeli zilizopaswa kutubeba.
Mhasibu Kisinza, gia kumi na mbili, bei hasemi
(mkewe anadhani ni laki tatu),
alipitwa na Lusito
juu ya lile dude la chuma lisilo na gia,
lililosomba madumu ya maji
tangu miguu yake haijafika kwenye pedali.

Lusito huitazama ramani mara moja,
huikunja, huitia mfukoni
kama barua ya mtu anayemfahamu.
"Hapa tulikuwa tunakwangua chumvi," husema,
na mkono wake unaonyesha mahali
ambapo mimi nimeandika: *ardhi wazi*.

Agosti upepo ulitupiga Hombolo, kati ya mizabibu.
Vumbi lilikaa menoni hadi Jumatano.
Septemba hatukukimbia: msiba kwa Chidawali,
tukaenda wote kwa baiskeli, polepole, kwa njia ya lami,
hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Oktoba, raundi ya mwisho, Iyumbu.
Kituo cha kumi na moja: kichaka cha mikambala,
mashariki ya njia panda.
Nilikifunga kibendera mwenyewe, Alhamisi jioni.
Ijumaa likapita greda.

Kisinza alizunguka saa nzima, akanipigia simu, akatukana dira.
Nyemo alirudi na kadi yenye tundu kumi.
Lusito alifika wa mwisho, jua limeinama,
akanipa kadi bila neno.
Kwenye mraba wa kumi na moja hapakuwa na tundu.
Palikuwa na namba, kwa kalamu ya risasi,
herufi mbili na tarakimu nne,
alizozinakili kutoka kwenye jiwe
lililobaki peke yake katikati ya wekundu.

Naijua namba ile.
Niliichonga Machi, mvua ikininyeshea,
nikalalamikia posho.

"Tumhesabie?" aliuliza Nyemo, kalamu hewani.
Kanuni yetu, ukurasa wa pili, inakataa.
Niliiandika mimi hiyo pia.
"Mhesabie," nilisema. "Ndiye pekee aliyekifikia."

Wakamzawadia tyubu mbili na kilo ya sukari.
Alikuwa amechuchumaa, tairi kichwa chini,
aking'oa mbigili moja moja, akizipanga juu ya ramani yangu,
pale palipokuwa kijani.
"Mwakani unatuchorea wapi?"
Nikataja Mbabala. Nikataja Nala.
Akaniangalia, kisha akaendelea kung'oa.

Nala tunaanza kupima Jumatatu.